Kabla ya kumsajili mgonjwa wa kwanza wa kiharusi: maandalizi ya utafiti mkoani Kigoma

Vibali vikishatoka, timu nyingi huona kilichobaki ni kuanza kusajili tu. Kwa utafiti wa kiharusi mkoani Kigoma, hapo ndipo maandalizi yenyewe yanapoanza. Data za ugonjwa huu huharibikia sehemu mbili: saa ya kwanza mgonjwa anapofikishwa hospitali, na siku ya 90 anapotakiwa kupimwa tena akiwa kwake.

Kuhusu vibali, maneno machache yanatosha. Kibali cha maadili hutolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kama mnajaribu dawa, TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) lazima ihusike, na utafiti usajiliwe kwenye rejista ya wazi kabla ya mshiriki wa kwanza. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kisha barua zishuke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, Mganga Mfawidhi wa hospitali, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Msiruke huyu wa mwisho, kwa sababu ndiye atakayewasaidia kumpata mgonjwa miezi mitatu baadaye.

Sasa tuje kwenye saa. Ndugu akisema "ilikuwa saa tatu asubuhi", anamaanisha 09:00. Mkusanya data anayeandika tarakimu kama alivyoisikia atajaza 03:00. Kosa hilo la saa sita ni kubwa kuliko muda wote wa saa 4.5 ambao mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Fomu iwe na nafasi mbili: saa kama ilivyotamkwa, pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku; halafu saa ya tarakimu nne, ijazwe na kukaguliwa na mtu wa pili siku hiyohiyo. Na msiulize "alianza kuumwa saa ngapi?" Aliyeamka akiwa amepooza, ndugu watataja saa aliyoamka, wakati kinachotakiwa ni mara ya mwisho alipoonekana mzima. Wasaidieni kwa matukio wanayoyakumbuka: kabla au baada ya adhana ya alfajiri? Watoto walikuwa wameshaenda shule? Boti za dagaa zilikuwa zimesharudi mwaloni Kibirizi? Majibu hayo ni sahihi kuliko saa ya kubahatisha.

Mezani pa mapokezi kiwepo kipimo cha sukari chenye vijiti ambavyo havijapitwa na muda. Sukari ikishuka sana mtu anaweza kulegea upande mmoja kama mwenye kiharusi, na akipewa sukari anarudi hali yake. Akiingizwa kwenye utafiti, matokeo yatamhesabu kama aliyepona kimiujiza. Vivyo hivyo aliyetoka kwenye degedege anaweza kupooza kwa muda. Mtoto au kijana mwenye kiharusi apimwe selimundu. Presha ipimwe kwa mkono usiopooza, baada ya dakika tano za kupumzika, mara mbili, kwa mkanda unaolingana na mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ilivyo.

Picha ya CT ya kichwa ndiyo inayotenganisha mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka. Kabla ya kuanza, pateni majibu ya maandishi: mashine inafanya kazi, nani anasoma picha usiku na Jumapili, na nani analipa. Gharama ya kipimo cha utafiti isiangukie familia. Siku ambayo picha haipatikani, fomu iwe na kisanduku cha "aina haijulikani". Daktari asibahatishe kwa kuangalia ukali wa hali tu. Ulizeni pia kama mgonjwa alishapewa aspirini kwenye zahanati au duka la dawa.

Kabla ya kidonge chochote, kiwe cha utafiti au cha kawaida, mgonjwa akalishwe wima na apewe maji kijiko kimoja kimoja cha chai. Akikohoa, au sauti ikiwa kama ina maji kooni, simamisheni. Wagonjwa wengi wa kiharusi huuawa na nimonia ya chakula na maji yaliyoingia kwenye mapafu, na kifo kama hicho kinaweza kudhaniwa ni madhara ya dawa mnayoichunguza.

Ridhaa inahitaji uangalifu wa pekee. Asiyeweza kusema si lazima awe haelewi. Mpeni nafasi ya kujibu kwa kichwa au kwa kidole, muulizeni jambo lilelile kwa namna mbili, na muone kama majibu yanalingana. Asiyeelewa kabisa, ndugu anaweza kumsemea kama itifaki (mpango wa utafiti ulioidhinishwa) inaruhusu, lakini akipata nafuu aulizwe upya, na akikataa akubaliwe bila kununiwa wala kupunguziwa huduma. Asiyesoma aweke dole gumba la mkono unaofanya kazi, mbele ya shahidi asiye wa timu. Maelezo yawepo kwa Kiswahili na Kiha, yakiwa yamejaribiwa kwa watu wa Kasulu au Buhigwe wasio wahudumu wa afya.

Vipimo vya ukali wa kiharusi vilitungwa kwingine. Kipimo cha NIHSS, cha ukali wa kiharusi, chenye alama 0 hadi 42, kina kadi ya picha za kutaja majina, na mojawapo ni dungusi kakati, mmea wa miiba. Mama wa Uvinza akishindwa kulitaja, huenda hajawahi kuliona, na alama atakayopewa itasomeka kama lugha imeathirika. Kipimo cha Barthel, cha uwezo wa kujihudumia kila siku, kinauliza kupanda ngazi, wakati nyumba nyingi vijijini hazina ngazi. Amueni wakati wa mafunzo mtatumia nini badala yake, andikeni, na kila mpimaji afuate hivyohivyo.

Siku ya 90 huhesabiwa kwa siku, si kwa miezi: kiharusi cha tarehe 1 Machi hupimwa tarehe 30 Mei. Chukueni namba tatu za simu: ya nyumbani, ya ndugu wa mbali, na ya jirani au mjumbe. Mwenye kiharusi mara nyingi huhamishiwa kwa mtoto wake au kwa mganga wa kienyeji, na namba moja hufa. Nauli ya bodaboda na ya boti kwa vijiji vya mwambao itengwe mapema, na aliyesajiliwa Januari mjue atafikiwa wakati barabara bado ni tope. Kipimo cha Rankin, cha kiwango cha ulemavu kuanzia 0, kinaweza kufanywa kwa simu na mtu aliyefunzwa, asiyejua mgonjwa alipewa tiba gani. Aliyefariki huandikwa 6. Mkiwaacha wasiopatikana bila kuwatafuta, mtakuwa mmewaondoa hasa waliokufa nyumbani, na tiba itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Utafiti wa kiharusi wa Hai na Dar es Salaam wa 2003 hadi 2006 ulihesabu pia vifo vya nyumbani, kwa kuwahoji ndugu wa marehemu.

Kama mnakusudia kusajili pia wenye multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, jiandaeni kupata wachache sana, kwa kuwa ni ugonjwa adimu karibu na ikweta. Bila mashine ya picha ya MRI msianze. Kwanza hakikisheni kwa vipimo kwamba tatizo halitokani na VVU, kaswende, upungufu wa vitamini B12, na kichocho, ambacho kipo kandokando ya Ziwa Tanganyika na kinaweza kudhuru uti wa mgongo. Wapimeni kutembea asubuhi, saa ileile kila hudhurio: joto la mchana huwalegeza kwa muda, na aliyepimwa saa mbili asubuhi mara ya kwanza na saa nane mchana mara ya pili ataonekana amezidiwa ilhali ugonjwa haujasogea.