Somo: Kutunga ubeti kutokana na kitu cha nyumbani

Wengi wetu tunapojifunza ushairi huanza na funzo, kisha tukatafuta kitu cha kulivisha, na ndiyo maana beti zetu husomeka kama mahubiri yaliyokwisha kusikika. Katika somo hili nawaomba mwende kinyume: anzeni na kitu, mkitazame hadi chenyewe kiseme.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kitu kimoja unachokishika kila siku bila kukiwazia. Mshumaa na saa ya ukutani viacheni kwanza, kwa kuwa vimetumika mno na vitawaletea mawazo ya watu wengine.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito, nami naomba msiiharakishe. Kitazame kitu hicho kikiwa kazini, kwa sababu umbo hukupa sifa tu, ilhali kitendo hukupa kisa. Mimi nilichagua sindano. Nilikuwa nikishona upindo uliofumuka. Nilitunga uzi, nikapitisha mishono kumi iliyolingana vizuri, kisha nilipovuta ili nikaze, uzi wote ukateleza ukatoka, kitambaa kikabaki na vitundu. Sikuwa nimepiga fundo. Niliyaandika hayo daftarini kama yalivyotokea, bila kuongeza neno lolote la hekima.

Hatua ya tatu ni kujiuliza kitendo hicho kinafanana na nini katika maisha yako mwenyewe. Nilikumbuka kazi niliyoianza kwa bidii pamoja na mwenzangu, bila kuelewana tangu siku ya kwanza nani atafanya lipi. Kazi ilikuwa nzuri, lakini hapakuwa na kitu cha kuizuia isichomoke.

Hatua ya nne ni kutunga, na lugha yetu imetusaidia hapa, kwa kuwa uzi hutungwa na shairi hutungwa. Nilitumia tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani (silabi) 16, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, na nane za utao, yaani nusu ya pili:

Nalitunga uzi wangu, sindanoni kwa makini,
Nikashona nguo yangu, mishono kumi laini,
Ukachomoka, wenzangu, ukabaki mkononi,
Fundo dogo, kosa langu, sikulipiga mwishoni.

Mtaona kwamba ile kazi na yule mwenzangu hawakutajwa. Neno la kulitafakari ni "mwishoni", kwa sababu mwisho wa uzi ndio mwanzo wa mshono, na hilo sikuligundua mpaka kina cha "ni", yaani silabi inayorudiwa mwishoni mwa mishororo, kiliponilazimisha kulitafuta.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, utao wa mshororo wa tatu naona una mizani saba. Nimekosea wapi?

Umeiunganisha "m" na silabi inayofuata. Katika "mkononi" sauti hiyo hutamkwa peke yake, hivyo ni mizani kamili: m-ko-no-ni. Katika "mwishoni" mambo ni tofauti, kwani "mwi" ni silabi moja.

Je, naruhusiwa kuacha vina?

Unaruhusiwa, lakini jaribu navyo kwanza, maana kina hukufikisha kwenye neno ambalo usingelifikia kwa hiari yako.

Nimeandika kuhusu ufagio, lakini kila nikimaliza naangukia kwenye umoja ni nguvu. Nifanyeje?

Ndugu yangu, uliutazama ufagio ukiwa umesimama kona, ukaona fungu la njiti, na fungu la njiti lina methali yake tayari. Kesho fagia chumba kizima, kisha uugeuze uuangalie ncha zake. Ukiona upande mmoja umelika kuliko mwingine kwa sababu mkono wako huegemea huko kila siku, basi andika kuhusu huo upande uliolika, utuletee ubeti wako tuusome.