Somo: Kupanga mbele ya nyumba, kuanzia getini hadi mlangoni

Habari zenu wakuu. Wengi wanaoniita kutengeneza mbele ya nyumba huanza na rangi ya geti na aina ya maua. Mimi huanza na mgeni: kashuka kwenye bodaboda, kagonga, kafunguliwa. Sasa apite wapi? Nyumba nyingi za huku Dar na Kibaha anajibanza pembeni ya gari, anaruka mfuniko wa shimo la choo, anatokea mlango wa jikoni. Hapo hata mlango wa mninga wa bei mbaya haumfai kitu.

Mfano wetu ni kiwanja cha mita 20 kwa 25, chenye kama mita 6 kati ya geti na ukuta wa mbele wa nyumba.

Hatua ya 1: Pita mwenyewe. Mchana, usiku umeme ukiwa umekatika, na mvua ikiwa inanyesha. Mwaga chokaa pale unapokanyaga. Mstari huo wa chokaa una ukweli kuliko mchoro wa fundi.

Hatua ya 2: Maji kabla ya urembo. Ardhi iteremke kutoka kwenye nyumba kwenda nje, sentimita 2 kwa kila mita. Kwa mita zetu 6 ni tofauti ya sentimita 12 tu, jicho haliioni ila maji yanaijua. Karibu na geti pitisha mfereji wenye mfuniko wa nondo, uyapeleke maji kwenye mtaro au kwenye shimo la kokoto, yasiende kwa jirani. Ukiruka hatua hii, masika ya Machi hadi Mei yatakufumulia kila kitu kilichobaki kwenye somo hili.

Hatua ya 3: Mtu apate njia yake. Gari lina yake, mtu awe na yake, ianzie kwenye kile kimlango kidogo cha geti. Upana wa sentimita 120 unatosha watu wawili wanaopiga soga. Sentimita 90 ni mmoja nyuma ya mwenzake. Pevingi za unene wa sentimita 6 zinatosha kwa miguu, lakini gari linapopita weka za 8. Chini yake shindilia changarawe, kisha mchanga kama sentimita 4, na pembeni zuia kwa mawe ya kingo yaliyokaa kwenye zege. Bila kingo pevingi hutawanyika. Kama udongo wako ni mweusi wa mbugani, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, uchimbe utoe kwanza ujaze kifusi kizuri. Usikubali fundi akuambie "tutaushindilia tu".

Hatua ya 4: Ngazi na kibaraza. Kila ngazi ipande sentimita 15 na pa kukanyaga pawe 30. Zote zilingane, maana mguu hujikwaa kwenye ile moja iliyozidi. Vigae vya kung'aa viache sebuleni. Nje vikilowa vinaangusha watu. Weka vyenye mikwaruzo.

Kwenye kibaraza sibani matumizi. Wazee wa Lamu na Unguja walilimaliza hili zamani: benchi la mawe limeshikana na ukuta wa nje, anayekuja kwa neno moja anakaa hapo, anapewa kahawa, mambo ya ndani yanabaki ndani. Nyumba kongwe za Lamu zina daka (kibaraza cha mlangoni), kisha tekani (kijiukumbi cha ndani ya mlango), na njia inapinda ili anayepita mtaani asiuone ua. Chukua akili hiyo. Mlango wa sebule usitazamane na geti. Kama umeshajengwa hivyo, simamisha ukuta mfupi wa matofali ya matundu katikati. Benchi liwe na kimo cha sentimita 45, paa lilifunike, na pembeni pawe na pa kuweka viatu na bomba dogo la kunawa miguu. Viatu kumi vikizagaa mlangoni siku ya hitima, utanikumbuka.

Hatua ya 5: Mimea. Panda mwanzoni mwa vuli au masika, mvua ikusaidie kumwagilia. Asumini iwe karibu na benchi, kwani hunukia zaidi usiku. Mlangilangi hurefuka sana, uweke mbali na paa. Bogenvilia ina miiba, nzuri juu ya ukuta wa uzio, mbaya kando ya njia ya watoto. Wenzetu wa Kilimanjaro wana isale, mmea wa mipaka na wa kuombana msamaha. Kwenye kivuli cha kibaraza unastawi vizuri.

Hatua ya 6: Taa na namba. Taa ya mwanga wa njano juu ya mlango, nyingine ndogo kwenye ngazi. Kibao cha anwani ya makazi kisifunikwe na majani.

Karibuni kwa maswali.

Swali: Mkuu, mimi nimepanga. Mwenye nyumba hataki nichimbe hata shimo.
Jibu: Vyungu viwili vikubwa, benchi la mbao, taa ya sola. Siku ukihama unapakia vyote. Visahani vya chini ya vyungu mwaga maji yake, vinginevyo unafuga mbu.

Swali: Mume wangu anataka pevingi uwanja mzima, eti ukoka unaleta nyoka.
Jibu: Dada, nyoka hufuata panya na vichaka, ukoka uliokatwa mfupi haumfichi. Pevingi tupu joto lake mtalisikia hadi dirishani, na maji yote yatakimbilia getini. Mwambie shemeji aache angalau theluthi moja ya udongo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mama anatumia kiti cha magurudumu, na sakafu yetu iko juu sentimita 45.
Jibu: Marahaba. Mjengee njia ya mteremko. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu, kwa hiyo unahitaji mita 5.4. Usiielekeze getini, itakula uwanja wote. Ilaze sambamba na ukuta wa nyumba, upana sentimita 120, na juu kabisa pawe na sehemu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5 ili aweze kugeuka na kufungua mlango.

Swali: Nina mfikasi mita moja kutoka shimo la choo. Umefika kiunoni, unapendeza kweli.
Jibu: Ung'oe sasa hivi ukiwa bado mdogo, uhamishie kwenye chungu. Mizizi yake inafuata unyevu, na ikishaingia kwenye bomba utalipia mtu wa kuzibua kila mara.

Swali: Geti langu likifunguka kwa ndani linakwaruza pevingi.
Jibu: Ardhi yako inapanda kuelekea nyumbani, ndiyo maana. Ama ushushe pevingi pale linapozungukia, ama ubadilishe liwe la kusukuma pembeni kwenye reli. Kabla ya kuamua pima urefu wa ukuta kando ya geti: la kusukuma linahitaji nafasi sawa na upana wake lenyewe.