Kupiga picha za imani na urithi: anzia Kolo, Kondoa

Kabla hujagusa kamera, andika swali moja kwenye daftari. Ukiandika "utamaduni wa Dodoma" tu, utarudi na picha mia nne zisizojuana. Mimi niliandika hivi: anayekwenda kuomba mvua Kolo hubeba nini kutoka nyumbani?

Hatua ya pili, fika bila kupiga picha. Kolo ni kijiji cha Kondoa, mkoani Dodoma, kwenye barabara ya Kondoa kwenda Babati. Ripoti ofisini, lipa kiingilio, panda na mwongozaji wa pale pale. Michoro ya kale ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, lakini kwa wenyeji Mungomi wa Kolo, pango mojawapo lenye michoro hiyo, ni mahali pa kuombea mvua na uponyaji hadi leo. Ukikutana na mzee, mpe shikamoo, kaa, umweleze picha zitaonekana wapi. Safari yangu ya kwanza niliinua kamera mzee akiwa katikati ya maneno yake. Akanyamaza. Nilimkatisha mtu dua yake, na jambo hilo bado linaniuma. Siku hizi nauliza kwanza: nipige nini, nisipige nini, na wakati gani kamera irudi mkobani.

Hatua ya tatu ni mwanga, na hapa usiwe na haraka. Jua kali likipiga mwamba, wekundu wa michoro hufifia. Subiri wingu, au wakati ambao pango lote lipo kivulini. Weka kamera kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, shata, yaani pazia la kamera, iende polepole kadiri inavyotaka. Pima mwanga kwenye mwamba wenyewe. Ukipima na anga la nje, michoro itakuwa giza. Rangi usiiachie kamera iamue, iweke kwenye mpangilio wa mwanga wa mchana, la sivyo ule wekundu wa udongo utageuka. Flashi iache. Usiguse mchoro wala kuumwagia maji ili ung'ae: maji huuharibu. Kisha rudi nyuma, upige mwamba pamoja na bonde lililo chini yake, maana picha ya mchoro peke yake haielezi kwa nini watu hupanda hadi pale.

Baada ya hapo fuata swali lako. Langu lilinishusha mlimani hadi jikoni, kwenye mtama, kinu na mikono ya akina mama.

Mwisho, chagua picha 12 tu. Zitandaze mkekani, uondoe hata ile nzuri kama haijibu swali. Safisha nakala mjini, uzipeleke kwa waliopigwa kabla hujazionyesha kwa mtu mwingine yeyote. Yule mzee nilimpelekea tatu. Mbili alizishika kwa mikono miwili. Ya tatu akaigeuza kifudifudi. Niliifuta pale pale, akiniona.