Namna ya Kuandika Habari za Ujana na Santuri za Kwanza za Mpiga Gitaa

Anayetaka kuandika habari za mpiga gitaa wa zamani wa Magharibi mwa Kenya, awe mzee wa Kakamega, Vihiga au Kisumu, mara nyingi hufungua mazungumzo kwa swali hili: "Mzee, ulirekodi lini?" Mzee hutaja mwaka, mwaka huo huandikwa, na baadaye hugunduliwa kwamba haulingani na santuri yenyewe. Mzee hakudanganya. Swali ndilo lililobeba tarehe tatu kwa pamoja: ya kuutunga wimbo, ya kuingia studio, na ya santuri kufika dukani.

Mimi hufunza jambo hili kwa kutumia maisha ya Carl Perkins, mwimbaji wa rokabili, yaani ule muziki wa kusini mwa Marekani uliozaliwa kwa kuchanganya kantri na bluzi, kwa kuwa tarehe zake zimehifadhiwa vizuri. Wimbo wake "Movie Magg" aliutunga akiwa kijana wa miaka 14. Alikwenda Memphis kujaribiwa na Sam Phillips, mwenye studio ya Sun, mnamo Oktoba 1954. Na santuri ikatolewa Machi 1955 kwa jina la kampuni ya santuri ya Flip. Wimbo mmoja, miaka mitatu tofauti, na kila mwaka ni wa kweli kwa upande wake. "Blue Suede Shoes" nao ulirekodiwa tarehe 19 Desemba 1955, ukatolewa tarehe 1 Januari 1956. Siku 13 zilitosha kuuhamisha wimbo kutoka mwaka mmoja hadi mwingine.

Kwa hiyo piga mistari katika daftari lako, kila wimbo uwe na nafasi tatu za tarehe, na usijaze nafasi yoyote kwa kukisia. Nafasi tupu haina aibu.

Kabla ya kumwendea mzee, tafuta santuri yenyewe. Nakili kila kilichochapishwa kwenye lebo, ile karatasi ya mviringo iliyobandikwa katikati: namba, jina la mtunzi, jina la bendi, upande wa pili una wimbo gani. Kisha iinamishe kwenye mwanga utazame ile sehemu laini iliyo kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Mara nyingi utakuta herufi na namba zilizochongwa kiwandani, na hizo husaidia kupanga santuri za kampuni moja kwa mfuatano hata pale ambapo lebo imechakaa. Santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika zisisafishwe kamwe kwa spiriti, maana gundi ya sheleki iliyozitengeneza huyeyuka. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, usiloweshe lebo, na uzihifadhi zikiwa zimesimama wima. Kuzicheza kunahitaji sindano nene kuliko ile ya santuri za plastiki.

Majina yakusanye kwa tahajia zote unazozikuta. Cheti cha kuzaliwa cha Perkins chenyewe kiliandikwa "Perkings". Basi jina la Kiluhya au la Kijaluo lililoandikwa na karani asiyeijua lugha hiyo laweza kuwa na sura mbili au tatu, na mtafiti anayefuata sura moja tu atazikosa santuri nyingine za mtu yuleyule.

Sasa nenda kwa mzee, ukiwa na sukari na majani ya chai kama ilivyo desturi, na uombe ruhusa ya kurekodi kabla hujawasha simu. Usianze na studio. Anza na gitaa la kwanza, kwa sababu hapo ndipo mtindo wa mtu huzaliwa. Perkins alizaliwa tarehe 9 Aprili 1932 karibu na Tiptonville, Tennessee, katika familia iliyolima pamba kwenye shamba la wengine na kugawana mavuno na mwenye shamba. Baba yake alimtengenezea gitaa la boksi la sigara na mpini wa ufagio. Baadaye akapata gitaa kuukuu, na waya zilipokatika, kwa kukosa pesa za kununua nyingine, akaziunga kwa mafundo. Vidole vilipoteleza vilikatwa na mafundo hayo, naye akaanza kuvuta waya kwa pembeni ili sauti ipande. Ule mvuto uliokuja kusikika katika santuri zake ulitokana na umaskini wa waya. Uliza basi: "Mzee, gitaa lako la kwanza lilikuwa la nini? La mkebe? Waya ulizitoa kwenye breki za baiskeli?" Kama alipiga omutibo, ule mtindo wa gitaa uliovuma kwa George Mukabi wa eneo la Kisa, aliyefariki mwaka 1963, mwombe akuonyeshe dole gumba linafanya nini na kidole cha shahada kinafanya nini, na nani aligonga chupa ya soda kutoa mdundo. Vidole hukumbuka mambo ambayo mdomo umeyasahau.

Uliza pia nani alimfundisha, na usiridhike na jina la mtu maarufu. Perkins alifundishwa na John Westbrook, mkulima mzee Mwafrika-Mmarekani aliyefanya kazi katika mashamba yale yale ya pamba, wakati ambapo sheria za kusini ziliwatenga watu kwa rangi. Jina hilo lisingetunzwa, nusu ya asili ya muziki wake ingepotea. Huku kwetu mwalimu aweza kuwa askari aliyerudi vitani na gitaa, au jirani mwenye gramafoni. Santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers zilifika hadi kwa Wakipsigis, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyerekodi muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wakiimba juu ya "Chemirocha", jina la Rodgers lililogeuzwa kwa ulimi wa wenyeji. Uliza gramafoni ilikuwa ya nani, na ilichezwa siku gani.

Santuri uliyoipata mchezee mwishoni, baada ya maswali yote. Ukimchezea mapema, ataanza kuusimulia wimbo badala ya kuyasimulia maisha. Wimbo ukiisha, usiseme neno, na usizime simu.