Somo: Namna ya kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, pamoja na majibu ya maswali yenu

Habari za leo wanachama. Wengi mmeniomba nieleze mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unavyoandaliwa, yaani wanakijiji wanavyoamua wapi pawe makazi, wapi palimwe na wapi palishwe mifugo. Mnausikia ukitajwa mikutanoni, mnaiona ramani ya rangi imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, lakini nani kaichora na kwa ruhusa ya nani, hamjui. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati iliyosimamia kazi hii kijijini kwetu tangu kikao cha kwanza hadi hati za kimila, yaani hati za wanakijiji kumiliki mashamba yao, zilipogawiwa. Ninachoandika kinahusu Tanzania Bara tu, maana Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Sheria za kuzishika ni mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Hii inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Ya pili ni Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007, ambayo inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji. Kwa hiyo wataalamu wa wilaya wanakuja kuwasaidia. Wenye mpango ni nyinyi. Wakija na ramani iliyokwisha kuchorwa wakaomba saini, waombeni kwa heshima waikunje, kazi ianze upya pamoja nanyi.

Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi umeigawa kazi katika hatua 6. Nitazifuata hizo hizo, ila hatua ya tatu na ya nne nitakaa nazo zaidi kwa sababu ndizo zinazovunja vijiji.

Hatua ya 1: Maandalizi wilayani

Wilaya inaunda timu yenye watu wa ardhi, kilimo, mifugo, misitu, maji na maendeleo ya jamii. Kazi yenu hapa ni ndogo: andikeni barua ya kuomba, na hakikisheni afisa mifugo yumo. Timu isiyo na mtu wa mifugo huwa inaona pori tupu mahali ambapo mfugaji anaona malisho ya kiangazi.

Hatua ya 2: Kijiji kijitazame

Timu ikifika, mkutano mkuu unaelezwa kusudi la kazi na kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi inachaguliwa. Chagueni watu kutoka kila kitongoji, wanawake na wanaume, wakulima na wafugaji. Kisha inafanyika tathmini shirikishi: watu wangapi, mifugo mingapi, maji yako wapi, ugomvi uko wapi.

Sisi tulichora ramani chini, chini ya mwembe. Majivu yalikuwa barabara, majani mabichi msitu, punje za mahindi nyumba, vipande vya matofali shule na zahanati. Wanaume walimaliza wakajipangusa mikono. Bibi mmoja akaomba fimbo, akachora kijistari kutoka kwenye nyumba za juu hadi bondeni. Ilikuwa njia ya kwenda kwenye chemchemi. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyekuwa ameiweka, maana hakuna aliyekuwa akiteka maji. Leo njia hiyo imo kwenye ramani rasmi ya kijiji, na hakuna anayeweza kuizibia kwa uzio.

Hatua ya 3: Mipaka

Hapa msiharakishe. Vijiji vyetu vingi vilipatikana wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1974 hadi 1976, watu walipohamishiwa sehemu moja kwa haraka. Mipaka mingi ilitamkwa kwa mdomo: "kuanzia ule mkuyu hadi kwenye jiwe jeupe." Mkuyu ulishaanguka, na majiwe meupe yako kumi.

Siku ya kuhakiki mpaka, halmashauri za vijiji vyote viwili zinatembea pamoja, wazee wakiwa mbele na mpimaji nyuma na GPS yake. Kwetu mzee wa kijiji jirani alisimama kwenye kisiki, akapiga fimbo chini, akasema mpaka ni hapo. Mzee wetu akasema mkuyu wa mpaka ulikuwa ng'ambo ya korongo. Baina yao palikuwa na shamba la maharage, na mwenye shamba, mama mmoja, alikuwa amesimama na jembe begani, anasikiliza wazee wawili wakiligawa shamba lake. Tulikaa pale mpaka jua likaanza kuinama. Mwisho tukakubaliana kufuata korongo, kwa kuwa kila mtu analiona. Yule mama angeendelea kulima shamba lake hata kama limeangukia upande wa pili. Yote hayo yakaandikwa kwenye muhtasari, wenyeviti na watendaji wa pande zote wakasaini palepale, juu ya boneti la gari. Bikoni, yaani nguzo za alama ya mpaka, zikafuata.

Huo muhtasari wenye saini za pande zote mbili ndio uhai wa mpango wenu. Wekeni nakala kwenye ofisi za vijiji vyote viwili na nyingine wilayani. Mkishindwa kabisa kuelewana, sheria inampa Waziri uwezo wa kuteua msuluhishi, ila njia hiyo ni ndefu. Chai na viazi vya wazee ni nafuu zaidi.

Mipaka ikikamilika na ramani ya upimaji kuidhinishwa, Kamishna wa Ardhi hutoa cheti cha ardhi ya kijiji. Katika hatua hii pia mnachora matumizi yaliyopo sasa: nani analima wapi, ng'ombe wanapita wapi, msitu umebaki kiasi gani.

Hatua ya 4: Kupanga wenyewe

Sasa mnaamua. Sheria inaitambua ardhi ya kijiji kwa mafungu matatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayokaliwa au kutumiwa na mtu au familia, na ardhi ya akiba. Ndani yake mnatenga makazi, kilimo, malisho, msitu wa kijiji, vyanzo vya maji, huduma za jamii, makaburi na njia za mifugo.

Mambo manne nimeyaona yakisahauliwa.

Pigeni hesabu ya watu wa kesho. Mpango hupangwa kwa kawaida kwa miaka 10, na watoto walio darasa la tano leo watakuwa wanatafuta viwanja kabla haujaisha.

Njia ya mifugo iwe na mwanzo, mwisho na upana ulioandikwa kwa mita. Njia iliyochorwa kwa mstari mwembamba, bila vipimo, hulimwa taratibu, tuta moja kila msimu, mpaka ng'ombe wanabaki kupita ndani ya mahindi. Na ifike kwenye maji. Nimewahi kuona njia iliyoishia katikati ya mashamba, lambo la maji likionekana kwa mbali.

Kingo za mito na maziwa hazigawiwi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 ambamo shughuli za kudumu za binadamu haziruhusiwi. Bustani za mboga za mtoni zitaleta maneno mengi, kwa hiyo zungumzeni mapema na wenye bustani hizo na muwatafutie eneo mbadala kabla ya kuchora mstari.

Na ardhi ya akiba: iandikeni ni ya nini na ni ya nani. Kijiji kinachoiacha bila maelezo ndicho ambacho siku moja kinaamka na kukuta trekta la mgeni. Hili ninalisema kwa uchungu, nimeliona.

Rasimu ikiwa tayari, inajadiliwa na halmashauri ya kijiji, kisha inapelekwa mkutano mkuu. Isomwe kwa sauti, kitongoji kwa kitongoji, ramani ikiwa imeshikwa juu watu waione. Daftari la mahudhurio lisainiwe na kila aliyekuja. Hapo hapo zipitishwe sheria ndogo, kwa sababu mpango usio na sheria ndogo ni picha nzuri tu: hauna faini, hauna meno. Halmashauri ya wilaya ndiyo inayoziidhinisha. Msiziache zikalala kwenye faili huko, fuatilieni kila baraza la madiwani linapokaa.

Hatua ya 5: Hati na masijala

Kijiji kikiwa na cheti, mpango na masijala ya ardhi, kinaweza kuanza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Masijala ni chumba chenye mlango imara, kabati la chuma linalofungwa, na madaftari ya kumbukumbu. Mwombaji anajaza fomu, shamba linahakikiwa mbele ya majirani, na hati inasainiwa na mwenyewe, na uongozi wa kijiji, kisha inasajiliwa wilayani. Hadhi yake kisheria ni sawa na ya hati miliki ya kawaida ya ardhi.

Hatua ya 6: Usimamizi

Kamati inazunguka, inakagua mipaka ya matumizi, inatoa taarifa kwenye mkutano mkuu. Wekeni tarehe za ukaguzi, hasa kabla ya msimu wa kulima.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wafugaji. Malisho yetu yanaishia mpakani, lakini majani ya kiangazi yako kijiji cha pili, nao wanakunywesha kwetu. Kila kijiji kikijifungia kwenye ramani yake si tutauana?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Hofu yako ni ya kweli kabisa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu vijiji kufanya makubaliano ya matumizi ya pamoja, na Sheria ya 2007 inaruhusu mpango wa pamoja. Kule Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao wakayaita OLENGAPA, jina lililotokana na majina ya vijiji vyenyewe. Kila kijiji kilibaki na mpango wake na mipaka yake. Malisho, maji na njia za mifugo ndivyo vikawa na usimamizi mmoja. Nendeni kwa jirani zenu kabla ya hatua ya nne. Mkisha kupitisha mpango peke yenu, kuurudia ni kazi.

Swali: Mimi ni mjane. Shemeji zangu wanasema hati ya shamba iandikwe jina la ukoo kwa sababu ndivyo mila inavyotaka. Kamati inasita.

Jibu: Pole sana mama. Mila inatambuliwa na sheria, lakini kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi. Iambie kamati hivyo, kwa maneno hayo hayo, na uombe waandike hoja yako kwenye muhtasari. Wakikwama, nenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Usikubali kutia dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa.

Swali: Amekuja mwekezaji, anataka ekari 500. Mwenyekiti anasema halmashauri ya kijiji imeshakubali, mkutano ni wa kutupa taarifa tu. Ni sawa?

Jibu: Si sawa. Kama ardhi inahamishwa kutoka ya kijiji kuwa ya jumla, yaani isiyo tena chini ya kijiji, na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ekari 500 ni kama hekta 202, kwa hiyo neno ni lenu. Ikizidi hekta 250, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Elezeni watu jambo moja zaidi kabla ya kunyoosha mikono: ardhi ikishahamishwa hivyo imetoka mikononi mwa kijiji, hata mwekezaji akishindwa na kuondoka. Ulizeni kwanza kama hawezi kukodi, umiliki ukabaki kwenu.

Swali: Nina nyumba, niliijenga miaka mingi iliyopita. Mpango mpya umeiweka katikati ya eneo la kilimo. Nitabomolewa?

Jibu: Mpango haufuti haki uliyokuwa nayo kabla. Kinachobadilika ni ujenzi mpya: ukitaka kuongeza nyumba nyingine au duka, utaelekezwa eneo la makazi. Ila nenda ofisini uone kama nyumba yako iliwekwa kwenye ramani wakati wa kuchora matumizi yaliyopo. Kama haimo, andika barua, usiishie kusema kwa mdomo, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Swali: Mji umetukaribia. Tunasikia kijiji chetu kitatangazwa kuwa eneo la mipangomiji. Je, mpango wetu na hati zetu za kimila zinakufa?

Jibu: Eneo likitangazwa hivyo, linaanza kutawaliwa na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007. Viwanja vitapimwa kwa taratibu za mji, na kujenga kutahitaji kibali cha ujenzi. Haki yako kwenye shamba haipotei kwa tangazo. Ardhi ikitwaliwa unastahili fidia. Mwenye hati mkononi anaonyesha ukubwa wa shamba lake na mipaka yake siku mthamini anapokuja. Asiye nayo anaanza kutafuta mashahidi. Kama kijiji chenu hakijamaliza hatua ya 5, itisheni mkutano mwezi huu.