Kalasha: maana yake na jinsi ya kuiweka

Kalasha ni mtungi wa maji wenye majani ya mwembe mdomoni na nazi juu yake. Kwa Wahindu mtungi ni tumbo la uzazi, maji ni uhai, na majani na nazi ni uhai unaochipua. Ndiyo maana huwekwa kwenye harusi, watu wanapohamia nyumba mpya, na siku ya kwanza ya Navaratri, sikukuu ya Kihindu ya usiku tisa. Si pambo hata kidogo: mito mitakatifu 7, Ganga ikiwamo, huitwa kwa majina ije ndani ya maji hayo.

Tumia mtungi wa shaba au wa udongo, chuma huepukwa. Shaba isugue kwa ndimu na chumvi. Wa udongo uloweke usiku kucha, maana hunywa maji. Tandika kitambaa chekundu, mwaga konzi kadhaa za mchele, kalisha mtungi juu yake, funga uzi mwekundu shingoni, kisha jaza maji hadi vidole viwili chini ya mdomo. Tia sarafu, popoo, manjano kidogo na ua. Panga majani 5 ya mwembe yasiyotoboka, vikonyo vikizama majini. Visipogusa maji, majani hunyauka upesi.

Nazi ndiyo huwasumbua wengi. Dafu halifai, uzito wake huangusha mtungi. Chagua nazi iliyokomaa, itikise usikie maji, ifue ukiacha kishungi cha makumbi juu. Iwe pana kuliko mdomo wa mtungi, la sivyo itadidimia na kumwaga maji kwenye mchele, nao utavunda. Iweke mbali na taa, kwani joto hupasua kifuu.

Ibada ikiisha, nyunyiza maji nyumbani kwa majani yaleyale. Yanayobaki mwagia mti, kamwe si kwenye mfereji wa maji machafu. Nazi huvunjwa, watu wakala pamoja.

Wabudha nao wana mtungi huu. Sri Lanka huutia maua ya mnazi yaliyotoka kwenye karara, na mawe ya walinzi kwenye milango ya kale ya mji wa Anuradhapura yamechongwa nagaraja, mfalme wa nyoka, aliyeushika. Tibet huuita bumpa, moja ya alama 8 za heri. Hauna nazi, bali manyoya ya tausi na nyasi za kusha. Lama, yaani mwalimu wa dini wa Tibet, akikumiminia maji yake, kinga kiganja, onja kidogo, yanayobaki jipake utosini.