Namna Rekodi ya Uendeshaji Inavyosomwa Unapoomba Kazi ya Lori Marekani

Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi wengi waliohamia Marekani wanapata riziki yao katika malori, na aghalabu huamini kwamba mtu akishapata CDL, yaani leseni ya magari makubwa ya biashara, kilichobaki ni kutuma maombi tu. Kazi yangu ni kupitia mafaili ya waombaji katika idara ya usalama ya kampuni ya usafirishaji, na fomu nyingi zinazokwama mezani kwangu hukwama pale maelezo ya mwombaji yanapopishana na rekodi zake. Mtu mwenye kosa moja alilolieleza sawasawa huajiriwa mara nyingi. Aliyelinyamazia kosa dogo hupoteza nafasi ambayo angeipata. Mwongozo huu unakupitisha katika maandalizi hayo kwa mpangilio ninaomshauri kila anayeniuliza.

Hatua ya 1: Agiza rekodi zako kabla kampuni haijaziagiza

Rekodi zinazoangaliwa ni nne. Ya kwanza ni MVR, yaani rekodi ya leseni yako na makosa yako ya barabarani, inayotolewa na ofisi ya leseni ya jimbo, na sheria inaitaka kampuni iiombe kwa kila jimbo lililokupa leseni katika miaka 3 iliyopita. Kwa hiyo ukihama kutoka Texas kwenda Iowa, makosa ya Texas hayabaki nyuma. Ya pili ni PSP, inayotoka katika kumbukumbu za FMCSA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia usalama wa malori. Inaonyesha ajali za miaka 5 na ukaguzi wa barabarani wa miaka 3, nawe unaweza kuinunua mwenyewe kwa dola 10. Ya tatu ni ripoti ya DAC, inayotunzwa na kampuni ya HireRight kutokana na taarifa za waajiri wako wa zamani, na una haki ya kupata nakala bila malipo mara moja kila miezi 12. Ya nne ni Clearinghouse, hifadhi ya taarifa za vipimo vya dawa za kulevya na pombe iliyoanza kazi tarehe 6 Januari 2020. Jisajili huko mapema, kwa maana kampuni haiwezi kuifungua taarifa yako kamili bila ridhaa yako ya kielektroniki, na bila kuifungua haiwezi kukukabidhi usukani.

Aliyeendesha trela miaka mingi kati ya Mombasa na Malaba, au kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi, afahamu kwamba hifadhi hizi hazina chochote kuhusu kazi hiyo. Ujuzi wake ni wa kweli na utaonekana katika jaribio la kuendesha, lakini rekodi yake ya Marekani ni fupi, na katika rekodi fupi kila doa linaonekana.

Hatua ya 2: Isome PSP mstari kwa mstari

Hii ndiyo rekodi inayowashangaza wengi, na naipa nafasi zaidi kwa sababu hiyo. MVR huonyesha makosa ambayo umehukumiwa; PSP huonyesha kile alichokiandika mkaguzi kwenye mizani au kando ya barabara, hata kama hakukupa tiketi yoyote. Tuseme ulisimamishwa usiku, taa moja ya nyuma ya trela haikuwaka, afisa akakwambia ukaitengeneze, nawe ukaondoka ukimshukuru. Katika PSP kutakuwa na tarehe, jimbo, jina la kampuni uliyokuwa ukiiendeshea, kifungu 393.9 cha kanuni za shirikisho kinachohusu taa, na alama inayoonyesha kama gari lilizuiwa kuendelea na safari au la. Ukihama kampuni, mstari huo unahama nawe.

Mimi nikiisoma PSP siangalii mstari mmoja, naangalia mfululizo. Taa moja katika miaka 3 hainisumbui hata kidogo. Taa, tairi na breki zinazojirudia kila ukaguzi zinanionyesha dereva asiyekagua gari kabla ya kuondoka, na makosa ya kumbukumbu za saa za kuendesha yananitia wasiwasi kuliko taa. Tangu tarehe 25 Juni 2025, dereva asiyeweza kujibu maswali ya mkaguzi na kuelewa alama za barabarani kwa Kiingereza huzuiwa kuendelea na safari, na jambo hilo nalo huandikwa katika ukaguzi. Wenzetu wanaojifunza lugha hiyo bado walichukulie kama sehemu ya rekodi yao.

Ukiona kosa ambalo si lako, au tiketi iliyofutwa na mahakama bado imeandikwa pale, peleka pingamizi katika mfumo wa DataQs pamoja na nakala ya hati ya mahakama. Maneno matupu hayatoshi. Kinachobadilisha rekodi ni karatasi.

Hatua ya 3: Jua uzito wa kila kosa

Sheria ya shirikisho inayagawa makosa. Kuendesha ukiwa umelewa, kukimbia baada ya ajali, au kutumia gari kutenda jinai kubwa hukufungia CDL mwaka 1 kwa mara ya kwanza, miaka 3 ikiwa ulibeba mzigo wa hatari, na maisha kwa mara ya pili. Kulewa na kukimbia ajali kunahesabiwa hata ukiwa katika gari lako dogo la nyumbani. Kundi la pili lina kuzidisha mwendo kwa maili 15 kwa saa au zaidi, kumfuata mwenzako kwa karibu mno, kubadili njia ovyo, na kushika simu ukiendesha lori: makosa 2 ya namna hiyo ndani ya miaka 3 yanakufungia siku 60, na 3 yanakufungia siku 120. Kampuni na mashirika ya bima huongeza masharti yao juu ya haya, nayo hutofautiana. Ulizia kabla ya kutuma maombi.

Kwa sababu hiyo usikimbilie kulipa tiketi. Kuilipa ni kukiri kosa, na hukumu huingia katika MVR. Omba siku ya mahakama, tafuta wakili aliyezoea kesi za CDL, na uombe mkalimani wa Kiswahili ukimhitaji. Majimbo yamekatazwa kuficha au kuahirisha hukumu ya mwenye CDL, kwa hiyo lile darasa la udereva linalomfutia jirani yako tiketi halitakusaidia wewe.

Hatua ya 4: Jaza fomu ukiwa na rekodi mbele yako

Fomu inauliza ajali zote za miaka 3, na neno zote linajumuisha gari dogo na ajali ambazo hukuwa na kosa. Inauliza hukumu za trafiki za miaka 3, isipokuwa za maegesho. Swali la kunyimwa au kufungiwa leseni halina ukomo wa miaka, na leseni iliyofungwa kwa sababu ya faini isiyolipwa inahesabiwa pia. Waajiri wako wa kazi ya udereva wa magari makubwa waandikwe kwa miaka 10. Kando ya kila kosa andika tarehe, jimbo na maelezo ya sentensi mbili: nini kilitokea, na kesi iliishaje.

Hatua ya 5: Ukikataliwa, dai maelezo kwa maandishi

Kampuni ikikukataa kwa sababu ya taarifa za mwajiri wa zamani, una siku 30 za kuomba kwa maandishi uzione taarifa hizo, nayo ina siku 5 za kazi za kukupatia ikiwa tayari inazo. Ukiona uongo, mwandikie mwajiri huyo wa zamani ukitaka asahihishe; ndani ya siku 15 lazima asahihishe au akujulishe kwamba hakubali. Asipokubali, una haki ya kuandika upande wako, na maelezo yako yakaambatanishwa na taarifa yake kila atakapoulizwa. Kwa DAC, pingamizi linapelekwa HireRight, na uchunguzi kwa kawaida hukamilika ndani ya siku 30.

Ukishaajiriwa, kampuni itaiangalia upya MVR yako angalau mara moja kila mwaka. Hukumu yoyote ya trafiki, hata ya gari dogo, uitolee taarifa kwa mwajiri ndani ya siku 30, na leseni ikifungwa umwambie kabla ya siku ya kazi inayofuata kwisha.